Kisa cha Wii: Mashine Milioni 101 na Wateja Wasiorithika

Ubishi wa gemu nyepesi (za mtu yeyote kupitishia dakika chache) na gemu ngumu (za wachezaji waliobobea) hauishi kwa sababu kila upande unakuja na kipimo chake. Mmoja unaleta namba za mauzo. Mwingine unaleta dharau: hao wanaocheza dakika kumi kisha wakaenda kulala si wachezaji, na pesa yao haina kesho. Nimechukua kisa kimoja chenye vyote viwili, namba na dharau, na ambacho kimeshapita kiasi cha kuweza kupimwa kwa utulivu.

Novemba 2006 Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ilitoa mashine iitwayo Wii, ya kucheza kwa kupunga rimoti mbele ya televisheni. Hadi inaondolewa sokoni ilikuwa imeuza milioni 101.63. Novemba 2012 akaja mrithi wake, Wii U, akaishia milioni 13.56. Kampuni ni ileile, rais ni yuleyule, Satoru Iwata, na Mario, mhusika wake maarufu wa gemu, ni yuleyule. Ukigawanya, kwa kila Wii saba zilizouzwa haikupatikana hata Wii U moja kamili.

Wachezaji sugu wana jibu lao la siku nyingi: wale wa Wii walikuwa wapita njia, na Nintendo ilipata ilichostahili kwa kuwaacha waliokuwa nayo tangu zamani. Naliona jibu hilo lina ukweli nusu. Nusu ya pili inaharibiwa na namba ambazo watu huzitaja bila kuzisoma hadi mwisho.

Kabla ya rimoti nyeupe

Mashine ya Nintendo iliyotangulia, GameCube ya mwaka 2001, iliuza milioni 21.74, wakati PlayStation 2 ya Sony ilivuka milioni 155. Iwata alikabidhiwa kampuni mwaka 2002 ikiwa katika hali hiyo, na njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa kuongeza nguvu ya mashine, kuongeza bei, na kuomba Mungu. Yeye akauliza swali jingine: wako wapi watu ambao hawachezi gemu kabisa, na kitu gani kinawazuia?

Mshike mtu ambaye hajawahi kucheza, umpe pedi ya miaka ile. Kuna fimbo mbili za vidole gumba, msalaba wa kuelekeza, vitufe vinne vya kulia, vingine mabegani. Kidole kikikosea, mhusika anakufa mbele ya watu. Mtu mzima hapendi kuaibika sebuleni, kwa hiyo anarudisha pedi na kusema hana muda. Hapo ndipo Nintendo ilipoona pesa. Mwaka 2005 ilikuwa imeshajaribu wazo hilo kwenye mashine yake ya mkononi, DS, kwa gemu ya kufuga mbwa, Nintendogs, iliyouza nakala milioni 23.96, na gemu ya mazoezi ya akili, Brain Age, iliyouza milioni 19.01. Kwa hiyo Wii haikuwa bahati nasibu. Ilikuwa hatua ya pili ya jaribio lililokwisha kulipa.

Bei nayo ilisema kitu. Nchini Marekani PlayStation 3 ilitoka siku mbili kabla ya Wii, kwa dola 499 na dola 599. Wii ilitoka kwa dola 249.99, na ndani ya boksi mlikuwa na gemu, Wii Sports. Sony ilikuwa inauza kila mashine kwa hasara ikitegemea kurudisha pesa kwenye gemu. Nintendo ilipata faida kwenye mashine yenyewe, kwa sababu ndani yake kulikuwa na teknolojia iliyokaribiana sana na ya GameCube. Picha yake iliishia mistari 480 wakati wapinzani wawili, PlayStation 3 na Xbox 360 ya Microsoft, walikuwa wamehamia HD, yaani picha kali zaidi. Mashabiki waliolalamika kuwa ni mashine ya jana iliyovalishwa nguo mpya hawakuwa wanasema uongo.

Lakini tazama Wii Sports inavyochezwa, hasa ule mchezo wa kubingirisha tufe na kuangusha pini. Unashika rimoti, unabana kitufe kimoja kwa kidole cha shahada, unapeleka mkono nyuma, unaurudisha mbele, unaachia kitufe. Tufe linakwenda. Ukizungusha kifundo cha mkono kidogo, tufe linapinda. Hakuna zaidi ya hapo, na mtu aliyekuwa anatazama tu ameshajifunza kabla zamu yake haijafika. (Kile kijiti kilichowekwa juu ya televisheni, ambacho kila mtu aliamini ndicho kinachoona rimoti, kilikuwa taa tu za mwanga usioonekana. Kamera ilikuwa kwenye pua ya rimoti. Mishumaa miwili ilitosha kufanya kazi yake.)

Watu walirusha mikono kwa nguvu kiasi kwamba kamba za kiganja zilikatika na rimoti zikaruka, na Desemba 2006 Nintendo ikatangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2. Pedi za kawaida nazo huruka, lakini huwa ni kwa hasira.

Malalamiko mawili

Julai 2008, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 jijini Los Angeles, Nintendo ilitumia sehemu kubwa ya jukwaa lake kuonyesha Wii Music. Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, alitokea akipuliza saksafoni isiyokuwapo, kwa rimoti. Wachezaji sugu waliokuwa wakisubiri tangazo la gemu nzito waliliona hilo kama tusi, na tangu siku hiyo kauli ya kwamba Nintendo imetutupa ikawa kama msemo. Kauli hiyo ina vipande viwili, na kila kimoja kinahitaji kupimwa peke yake.

Cha kwanza: kwamba gemu za wachezaji wa zamani zilikauka. Zelda: Twilight Princess ilikuwapo siku ya kwanza Wii inatoka Marekani. Metroid Prime 3 na Super Mario Galaxy zilifika 2007. Gemu ya kupigana, Super Smash Bros. Brawl, ilifika 2008 na kuuza milioni 13.32, wakati ile iliyotangulia kwenye GameCube, Melee, iliuza milioni 7.41. Mashine iliyosemekana kuwasaliti mashabiki wa Smash ndiyo iliyowaongezea wenzao karibu maradufu. Ninaelewa hasira yao, lakini kwa maoni yangu walichopoteza ni nafasi ya kuwa wageni rasmi. Gemu zao ziliendelea kuja. Sherehe ndizo hazikuwa zao tena. Walipokuwa na haki kamili ni baadaye, mwaka 2011, gemu ya Xenoblade Chronicles ilipokuwa imeshatoka Japani na kupangiwa kutoka Ulaya huku Marekani ikinyimwa, hadi mashabiki walipoanzisha kampeni ya kuidai, Operation Rainfall. Gemu ikafika huko Aprili 2012.

Kipande cha pili ndicho kinachorudiwa zaidi: kwamba wachezaji wepesi wananunua mashine, wanacheza kilichomo ndani ya boksi, basi. Hapa hesabu ni rahisi. Wii iliuza jumla ya nakala milioni 921.85 za gemu. Gawanya kwa mashine milioni 101.63, unapata gemu tisa kwa kila mashine. GameCube, ambayo mashabiki huikumbuka kama mashine yao halisi, iliuza nakala milioni 208.57, yaani tisa na nusu kwa kila mashine. Tofauti ni nusu gemu. Mtu atasema Wii Sports ilikuwa ya bure. Haya, tuiondoe yote, nakala milioni 82.90, ingawa Japani iliuzwa peke yake. Bado kila mashine inabaki na gemu nane na ushei.

Kwa hiyo walinunua. Swali lenye maana ni walinunua nini, na lini.

Zipange zilizouza kuliko zote: Wii Sports, Mario Kart Wii (ya mbio za magari) kwa milioni 37.38, Wii Sports Resort kwa 33.14, New Super Mario Bros. Wii kwa 30.32, Wii Play kwa 28.02 (hii ilisaidiwa na rimoti iliyokuja nayo kwenye boksi), Wii Fit kwa 22.67, na Wii Fit Plus kwa 21.13. Gemu hizo saba peke yake ni nakala zaidi ya milioni 255, zaidi ya robo ya kila kitu kilichouzwa kwenye mashine hiyo. Zote saba ni za Nintendo. Wii Fit ilikuja na ubao wa kupimia uzito na msawazo wa mwili, na Marekani iliuzwa dola 89.99, bei inayozidi gemu yoyote ya kawaida ya wakati ule. Huyo ndiye mteja aliyesemwa hatoi pesa.

Lini, nalo ni jambo ambalo wauzaji walichelewa kulielewa. Mchezaji sugu anajua tarehe ya gemu kutoka miezi sita kabla, ananunua wiki ya kwanza kwa bei kamili, na mwezi ukiisha anaangalia inayofuata. Kampuni nyingi zilikuwa zimejipanga kwa mteja huyo: matangazo yote kabla ya siku ya uzinduzi, hukumu baada ya wiki chache, kisha bei inashushwa. Mchezaji mwepesi anasikia habari za gemu kwa jirani yake. Ananunua wakati wa sikukuu, tena sikukuu ya mwaka wa pili. Mario Kart Wii ilitoka Aprili 2008 na ikaendelea kuuza mwaka baada ya mwaka bila kelele. Ukimpima mteja wa namna hiyo kwa wiki ya kwanza, utaapa hayupo.

Ndipo kampuni nyingine zilizotengeneza gemu za Wii zikajikwaa. Zilileta MadWorld mwaka 2009, gemu ya damu na misumeno, na mauzo yakawa hafifu. Ikaletwa Dead Space: Extraction, ambayo ilikuwa ya kulenga shabaha huku kamera ikikupeleka yenyewe, wakati wenye PlayStation 3 na Xbox 360 walikuwa wameshapewa Dead Space kamili tangu 2008. Haikuuza, na hitimisho likatolewa kwamba gemu nzito hazina soko kwenye Wii. Mimi ningehitimisha vingine: mchezaji sugu mwenye Wii mara nyingi alikuwa na mashine ya pili pembeni, na alijua toleo kamili linapatikana wapi. Kampuni ya Ubisoft ilisoma vizuri zaidi. Novemba 2009 ilitoa Just Dance, gemu ya kucheza dansi ukiwa umeshika rimoti tu. Wakaguzi wengi waliikejeli. Ikawa mti wa pesa.

Anguko

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 Wii iliuza mashine milioni 25.95, na Nintendo ikapata faida halisi ya yeni bilioni 279. Miaka iliyofuata mauzo ya Wii yalikuwa milioni 20.53, kisha 15.08, kisha 9.84. Mwaka huo wa mwisho, ulioishia Machi 2012, Nintendo ilipata hasara ya yeni bilioni 43.2. Ni kosa kuibebesha Wii hasara yote hiyo, kwa sababu yeni ilikuwa juu mno na mashine ya mkononi ya 3DS ilikuwa imepunguzwa bei kutoka yeni 25,000 hadi 15,000 miezi michache tu baada ya kutoka. Lakini Wii ilikuwa haina tena nguvu ya kufunika shimo.

Watu huishika simu kama mhalifu mkuu, na kweli inahusika. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, gemu ya FarmVille ikaingia Facebook Juni 2009, na ya simu, Angry Birds, ikafuata Desemba. Bei ilikuwa dola moja au bure, kwenye kifaa ambacho mtu ameshakinunua kwa sababu nyingine. Microsoft nayo ikatoa Kinect Novemba 2010, kamera inayofuata mwili wa mchezaji, isiyohitaji hata rimoti, na ikauza milioni 8 katika siku 60.

Mimi naona sababu ya ndani ilikuwa nzito kuliko hizo. Wii ya mteja mwepesi ilikuwa haijaharibika. Aliinunua ili aangushe pini na familia, na pini zilikuwa bado zinaanguka. Mchezaji sugu huifuata mashine: anajua mpya ikija, gemu mpya zitahamia huko, na akibaki nyuma atakosa. Mchezaji mwepesi huifuata gemu, na gemu anayo. Hana hofu ya kubaki nyuma kwa sababu hajui kwamba kuna foleni. Mteja kama huyo humpati mara ya pili kwa kumwambia kuna toleo jipya. Unampata kwa kumpa kitu kingine kinachoeleweka kwa sekunde tano, kama ulivyofanya mara ya kwanza.

Wii U, au kualika pande mbili kwa kadi moja

Wii U ilionyeshwa E3 ya 2011. Kitu chake kipya kilikuwa GamePad, pedi pana yenye skrini ya inchi 6.2 katikati, na fimbo mbili, na msalaba, na vitufe kila mahali. Ichukue hiyo umkabidhi yule mtu wa rimoti. Umemrudisha palepale alipokuwa mwaka 2005, safari hii na skrini juu yake. Tena GamePad ilikuwa moja kwa kila mashine, kwa hiyo mmoja alishika kitu kipya na waliobaki walishika rimoti zao za zamani. Ukijumlisha jina lililofanana, si ajabu watu wengi walidhani ni kiungo cha ziada cha Wii waliyokuwa nayo nyumbani. Kwa dola 299 na 349, hawakuuliza mara mbili.

Wachezaji sugu walialikwa kwa maneno matamu zaidi. Mkuu wa wakati huo wa EA, kampuni kubwa ya kutengeneza gemu, John Riccitiello, alipanda jukwaani kuahidi ushirikiano mkubwa na Nintendo. Mashine ilipotoka, EA ilileta Mass Effect 3 peke yake kwa dola 59.99. Msimu uleule iliwauzia wenye mashine nyingine na kompyuta Mass Effect zote tatu kwenye boksi moja, kwa bei hiyohiyo. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kumwambia mteja kwamba amenunua mashine isiyo yake. Ubisoft ilijitahidi zaidi kwa ZombiU, gemu ngumu kwelikweli iliyotengenezwa kwa ajili ya Wii U pekee, kisha ikakiri haikurudisha faida. Rayman Legends, iliyongojewa kama gemu ya Wii U tu mapema 2013, ikasogezwa mbele hadi Septemba ili itoke pamoja na ya mashine nyingine. Novemba mwaka huo ikaja PlayStation 4 kwa dola 399, na mwaliko ukawa hauna maana tena.

Januari 2014 Nintendo ilishusha makadirio ya mauzo ya Wii U kwa mwaka huo wa fedha kutoka milioni 9 hadi milioni 2.8. Iwata akakata mshahara wake nusu kwa miezi kadhaa. Alifariki Julai 2015, kabla ya kuona mashine iliyofuata ikiingia dukani.

Na wale wapita njia, waliondoka kweli? Ubisoft iliendelea kutoa Just Dance kwa Wii kila mwaka. Utengenezaji wa Wii U ulisimamishwa Januari 2017. Just Dance 2020, iliyotoka Novemba 2019, ilikuwa na toleo la Wii, na haikuwa na toleo la Wii U. Miaka 13 baada ya mashine kuzinduliwa, bado walikuwapo watu wa kuiuzia gemu mpya, wengi kuliko waliokuwa kwenye mashine iliyotakiwa kuwarithi. Hawakuwa wamekwenda popote.

Gemu moja, mashine mbili

Ushahidi unaonikataza kuigawa dunia ya gemu makundi mawili umo ndani ya Mario Kart 8. Ilitoka kwenye Wii U mwaka 2014 na kuuza milioni 8.46. Ikaongezewa vitu kidogo, ikaitwa Deluxe, ikatolewa mwaka 2017 kwenye Switch, mashine iliyofuata Wii U, na imevuka milioni 60. Ilipotoka, njia zilikuwa zilezile, magari karibu yaleyale, na bei ilikuwa kamili. Kama uzito au wepesi ungekuwa ndani ya gemu, namba hizi zisingeachana namna hiyo. Kilichobadilika ni mashine: Switch ukiitazama unajua inafanya nini, unaitoa kwenye televisheni unaondoka nayo, na pedi yake ndogo unaigawa vipande viwili ili mwenzako ashike kimoja.

Switch ilianza na Zelda: Breath of the Wild, gemu ambayo mchezaji sugu hangeweza kuikosa, na wepesi wakaja nyuma yao kwa mwendo wao. Machi 2020 ikatoka Animal Crossing: New Horizons, ya kuvua samaki na kupanga fanicha kisiwani, ikavuka milioni 45. Wapo walioicheza kwa mamia ya saa, wakihesabu kwa majedwali bei za tanipu, mboga ya mizizi inayouzwa ndani ya gemu. Nani atasema hao ni wepesi? Kwa upande mwingine, wapo wanaonunua gemu ya vita ya Call of Duty kila mwaka na kucheza raundi mbili Jumamosi. Hizi ni tabia za kununua na kucheza, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote kwa mwezi mmoja.

Juni 2025 Nintendo ilitoa Switch 2, safari hii kwa jina lisilochanganya mtu, na ikauza zaidi ya milioni 3.5 katika siku nne za kwanza. Bei Marekani ilipotoka ilikuwa dola 449.99. Gemu yake ya kukutembeza ndani ya mashine, ambayo kwa akili ya mwaka 2006 ingewekwa kwenye boksi, iliuzwa kando kwa dola 9.99. Hao milioni 3.5 ni watu wa wiki ya kwanza, na hawa Nintendo haijawahi kuwakosa kabisa, hata siku za GameCube. Wenye kisiwa cha Animal Crossing kwenye Switch ya zamani bado mashine yao inawaka vizuri. Mauzo ya mwaka wa tatu na wa nne ndiyo yatakayoonyesha kama safari hii kuna kitu cha kuwafanya wainunue nyingine.